Magome ya miti wakati wa theluji

Nimeisoma makala yenu inayowashauri wasafiri wasizuru misitu ya kaskazini mwa Marekani hadi majani yachipue, kwa madai kwamba miezi ya theluji haina cha kutazama, nami nikiwa mkazi wa Minnesota naomba kutofautiana na mwandishi. Majani yakishapukutika ndipo gome linapoonekana vizuri, kwa sababu jua la Januari hupita chini na kulimulika shina kwa ubavu, hata kila ufa ukajitokeza. Ninaoupenda zaidi ni mti wa betula nyeupe, ambao gome lake hubambuka kama la mpera wa kwetu, isipokuwa hili hutoka kwa mikanda myembamba kama karatasi, inayojikunja na kuonyesha rangi ya chungwa iliyopauka kwa ndani. Ukivua glavu (kwa dakika moja tu, maana baridi ya huku haina mzaha) utavigusa vistari vyeusi vilivyolala mlalo, ambavyo ndivyo matundu ya kupitishia hewa. Weupe wake, unaotokana na kemikali iitwayo betulini, si pambo tu, kwani huakisi mwanga ili shina lisipate joto mchana kisha likapasuka baridi inaporudi ghafla jioni. Waojibwe, wenyeji wa maeneo haya, walitengeneza mitumbwi kwa gome hilohilo. Mwaloni, nakiri, hauvutii upesi hivyo, lakini theluji ikinasa katika mifereji ya gome lake la kijivu, nao hunisimamisha njiani.