Kupimwa si kukingwa: kampeni za mwezi wa tatu na kansa ya shingo ya kizazi

Mama mdogo wangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, ana karatasi moja aliyoitia ndani ya Biblia. Ni ya kampeni ya tarehe 8 Machi, miaka mitatu imepita. Walivaa vikwembe vya sikukuu, wakapanga foleni chini ya hema, wakapimwa shingo ya kizazi bure. Karatasi ina jina lake, namba, na ahadi kwamba majibu yatatoka baada ya wiki tatu. Hayajatoka hadi leo. Lakini mguse tu habari ya kansa, atakujibu kwa utulivu kabisa: "Miye balishaka kunipima."

Utulivu huo ndio unaonisumbua, na kipimo chenyewe nakitetea.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Karibu kansa zote za shingo ya kizazi zinatokana na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana; aina ya 16 na ya 18 peke yake zinabeba takriban asilimia 70. Wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Virusi vikigoma kutoka, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa kansa, au 5 hadi 10 kwa mama ambaye kinga yake imeshuka, kama anayeishi na virusi vya ukimwi bila dawa. Magonjwa yanayotupa muda mrefu hivyo ni machache. Hata hivyo, mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa kansa hii duniani, na 94 kati ya kila 100 walikuwa wa nchi maskini na za kipato cha kati.

Tena kazi yenyewe haihitaji hospitali kubwa. Muuguzi anafungua kwa sipekulamu, kifaa cha kutanulia uke, anawasha taa, anapaka pamba yenye siki, vinegri tunavyosema huku, kisha anangoja dakika moja. Nyama ikibaki na rangi yake ya waridi, mama anavaa na kwenda. Likijitokeza doa jeupe, kama ute wa yai lililoanza kushika moto, muuguzi ana la kufanya. Siku hizi kuna kifaa cha mkononi cha betri kinachochoma doa kwa nyuzi 100, nusu dakika hivi. Kabla yake walitegemea zaidi kugandisha kwa gesi ya kaboni, ileile inayotoa povu kwenye chupa ya bia ya Simba. Mtungi ukiisha, na huduma inalala.

Sasa wenye mashaka. Wa kwanza ni yule mama wa sokoni anayesema, "Shiko mugonjwa, nitaenda kule kufanya nini?" Huyo simlaumu: kuacha meza ya nyanya asubuhi nzima ni hasara. Lakini kungoja dalili hapa ni kuchelewa, maana damu isiyo ya hedhi na maji yenye harufu mara nyingi huja wakati kansa imeshakomaa.

Wa pili ni msomi, na anauma zaidi. Anauliza: unamtafutia mtu kansa katika nchi ambayo mashine za mionzi ni za kuhesabu kwa vidole, ili umwambie nini? Avuke mpaka wa Kasumbalesa hadi Lusaka kwa dola za nani? Swali ni la haki, ila linachanganya vitu viwili. Kinachotafutwa chini ya hema ni doa ambalo bado si kansa, na doa hilo linatibika palepale. Majirani zetu wa Zambia walilielewa hilo: mwaka 2006 walianza Lusaka kwa wauguzi, siki na kamera, pembeni ya kliniki za ukimwi.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikosesha raha: je, siki inaokoa kweli? India walipima jambo hilo kwa subira. Osmanabad, wanawake zaidi ya 130,000 waligawanywa katika makundi manne, wakafuatiliwa miaka minane. Kundi lililopimwa virusi vya HPV mara moja tu lilikuwa na vifo 34 vya kansa hii, dhidi ya 64 katika kundi lisilopimwa. Kundi la siki, lililopimwa nalo mara moja, halikuonyesha nafuu ya kutegemewa. Ungeishia hapo, ungemwaga siki yote kwenye saladi. Ila Mumbai, wahudumu wa kawaida, si madaktari, walipaka siki mara nne, kila baada ya miaka miwili, na vifo vikapungua kwa asilimia 31.

Nasoma matokeo hayo mawili hivi: jicho la mtu hukosea, na kurudia ndiko kunakosahihisha makosa yake. Uingereza nayo ilianza kuchukua seli za wanawake na kuzitazama kwa darubini tangu miaka ya 1960, na kwa miaka zaidi ya ishirini faida ilikuwa ndogo. Mwaka 1988 walianza kumwandikia barua kila mwanamke kwa jina na kumwita tena. Waliokuwa wamepimwa wakapanda kutoka asilimia 42 hadi 85 mwaka 1994, na vifo vikashuka. Darubini haikubadilika. Orodha ndiyo iliyobadilika.

Ndiyo maana nasema hema la siku moja, linaloota asubuhi na kung'olewa jioni, linatoa kidogo kuliko linavyosifiwa. Kibaya zaidi, foleni huwa imejaa bibi zetu wa miaka sitini, ambao siki haiwasaidii sana kwa kuwa sehemu inayopaswa kutazamwa imesharudi ndani. Wa miaka 30 hadi 49, wanaotafutwa hasa, wako kazini.

Shirika la Afya Duniani linalenga wanawake 70 kati ya kila 100 wapimwe kwa kipimo cha uhakika, kama kile cha virusi vya HPV, mara mbili: kufikia miaka 35, na tena kufikia 45. Kwa mji kama Lubumbashi naona ndilo jambo linalowezekana. Mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, bila kumvulia mtu nguo. Kikwazo kimoja ni gharama, na kingine ni neno la kumwambia. Ukimwambia mke wa mtu "una virusi" bila kumweleza kwamba huenda alivipata miaka kumi iliyopita, na kwamba wengi hupona, umewasha moto nyumbani mwake. Hata akichomwa doa, ataambiwa alale peke yake wiki nne hadi sita. Nani atamweleza mumewe?

Machi ijayo nitamsindikiza mama mdogo hemani. Tutauliza mambo mawili kabla hajapanda kitandani: mkiona doa mtalitibu leo, na daftari lenye namba yake ya simu litabaki kwa nani hema likishang'olewa. Karatasi yake ya zamani tutaenda nayo.