Mombasa na watoto wadogo: kulala kisiwani au ufukweni?

Mdogo wangu anaishi Nairobi na ana watoto wawili, mmoja wa miaka mitano, mwingine wa miaka miwili. Majuzi alinipigia simu: "Dada, Agosti nataka kuwaleta wanao waone bahari. Siku nne tu, lakini mfuko umebana. Nichukue hoteli ya ufukweni Bamburi iliyo na chakula chote, ama nilale mjini, huko kisiwani, nijitafutie mwenyewe?"

Swali hili tunaulizwa na jamaa zetu wa bara kila likizo, na wenyeji wa Mombasa hatukubaliani juu ya jibu. Wapo wanaosema hoteli ya ufukweni yenye milo mitatu ndiyo nafuu, kwa sababu ukishalipa umelipa. Wengine huona hizo ni pesa za bure, maana mji wenyewe una mengi ya kuona kwa senti chache. Nimeipima hoja ya kila upande nikiwafikiria watoto hawa hasa. Mtoto wa miaka miwili hafuati ratiba ya mtu.

Tuanze na safari. Treni ya Madaraka, inayobeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tangu 2017, ilipandishwa nauli mwanzoni mwa 2024, na daraja la kawaida likawa shilingi 1,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 halipiwi. Kwa ndugu yangu na mkewe hiyo ni 3,750 kuja, 7,500 kwenda na kurudi. Usafiri wa basi hukufikisha katikati ya mji, na huo ni ubora wake, lakini mtoto wa miaka mitano kukaa kitini usiku kucha ni adhabu kwake na kwa walio karibu naye. Treni ya usiku inavutia kwa sababu unaokoa gharama ya kulala, ila inafika kabla ya alfajiri, na hakuna chumba kinachokusubiri saa hizo bila kulipiwa. Ya asubuhi inapita Tsavo mchana, na mara nyingine ndovu huonekana dirishani. Kwa watoto, hapo likizo imeshaanza.

Treni hiyo haiingii kisiwani. Inaishia Miritini, na kutoka hapo bado unahitaji usafiri mwingine. Anayelala kisiwani anapita Changamwe na Makupa, amefika. Anayekwenda Bamburi ana safari ndefu zaidi hadi pwani ya kaskazini, na akiwa na mabegi na mtoto aliyelala begani, matatu haimfai. Atachukua teksi. Gharama hii sijawahi kuiona kwenye hesabu ya mtu yeyote aliyeniambia hoteli ni nafuu.

Kisiwa nacho kina jambo moja ambalo mzazi wa watoto wadogo atalishukuru: vitu viko karibu. Fort Jesus, Mji wa Kale, feri ya Likoni na Mama Ngina, kote huko unafika kwa tuktuk ya muda mfupi. Mtoto akichoka, unarudi chumbani alale, halafu mnatoka tena jioni. Ukiwa Bamburi, kuja mjini kunakula nusu siku, na usingizi wa mchana mtoto anaumalizia kwenye foleni ya daraja la Nyali.

Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Raia wa Kenya analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, na mtoto chini zaidi. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kuelezwa jinsi Waomani walivyoizingira kuanzia 1696 hadi wakaiteka 1698. Anataka kupanda juu ya mzinga na kuona mifupa ya nyangumi. Nendeni asubuhi mlango ukifunguliwa, kabla kuta za mawe hazijashika moto. Saa moja na nusu inatosha. Huko juu ya kuta mshike mkono muda wote, kwa sababu kuna mahali hakuna kizuizi. Mkitoka, ingieni vichochoro vya Mji wa Kale, kuna kivuli na kuna mabuyu.

Feri kwa anayevuka kwa miguu ni bure. Mtoto wa bara hajawahi kuona chombo kinachobeba magari na watu mamia kwa pamoja, na nina hakika atakikumbuka kuliko bwawa lolote la kuogelea. Lakini msiende asubuhi mapema wala jioni, wakati watu wa Likoni wanakwenda kazini na kurudi. Umati ule hauna nafasi ya mtoto. Vukeni saa tano, mrudi na feri inayofuata. Jioni kaeni Mama Ngina, bustani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu kabisa, upepo unavuma chini ya mibuyu, na muhogo wa kukaanga uko pale pale. Mwambieni muuzaji asitie pilipili kwenye wa watoto.

Hata hivyo upande wa pili una haki yake, na ni kubwa. Mtoto ameahidiwa bahari, na kwake bahari ni mchanga wa kuchimba na maji ya kuchezea. Hayo kisiwani hayapo, kwa sababu ukingo mwingi ni mwamba na maji yake si ya kumwachia mtoto. Vyumba vya bei ya chini vina feni tu. Maji ya bomba kwenye nyumba nyingi ni ya kisima na yana chumvi, kwa hivyo ya kunywa na ya uji lazima yanunuliwe.

Kisha kuna neno la wifi yangu, ambalo lilininyamazisha kwenye simu: "Nikipika Nairobi na nikipika Mombasa, likizo yangu iko wapi?" Nyumba za kupanga kwa siku zinasifiwa kwa sababu zina jiko, na wanaozisifu ni nadra kutaja nani atasimama mbele ya jiko hilo. Ikiwa nafuu ya baba inapatikana kwa mama kupika, kuosha vyombo na kufukuzana na watoto, basi gharama haikupungua, imehamishwa tu. Hoteli inamwondolea kazi hiyo, na huu ndio utetezi wake wenye nguvu kuliko wote.

Ila hoteli ya milo yote unailipia chakula cha mchana hata siku uliyoshinda Fort Jesus. Umri wa mtoto wa kulala bure na wazazi nao hutofautiana baina ya hoteli na hoteli, kwa hivyo ulizia kabla ya kutuma pesa. Na katika mji huu kukwepa jiko si kazi. Asubuhi mahamri na mbaazi viko mtaani, mchana pilau, jioni viazi karai na mishkaki. Chumbani uchemshwe uji wa mdogo pekee, na baba anaweza.

Kuhusu ufukwe, pale Pirates, yaani ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ni bure. Jumapili na sikukuu hujaa hadi mtoto anapotea ukigeuza shingo. Siku ya kazi asubuhi ni pazuri. Jambo ambalo wageni wengi hawalipangi ni maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Maji yakitoka, mkubwa anayetaka kuogelea analalamika, lakini vidimbwi vinavyobaki vina maji ya vuguvugu yanayofika magotini, na mtoto wa miaka miwili hahitaji zaidi ya hapo. Mvisheni viatu, chini kuna mawe na viumbe wenye miiba. Agosti ni msimu wa kusi, jua si kali kama Januari, na vyumba havigombaniwi kama Desemba.

Karibu na hapo kuna Haller Park, machimbo ya saruji yaliyoanza kupandwa miti ya mivinje mwaka 1971 hadi yakawa msitu. Huko ndiko alikopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee kuwa mama yake. Msimulieni mtoto kisa hicho kabla ya kufika, kisha alishe twiga kwa mkono wake.

Basi nimemwambia ndugu yangu agawanye: siku mbili za kwanza kisiwani, mbili za mwisho Bamburi, katika nyumba ya kupanga iliyo mwendo wa miguu hadi ufukwe wa umma, bila mpango wa milo. Kisiwa kitangulie, kwa sababu mtoto akishaonja mchanga hatakubali tena kuvutwa kwenda kuangalia ngome. Treni ya kurudi asubuhi ingewalazimu kutoka Bamburi gizani na watoto wenye usingizi, kwa hivyo wamekata tiketi za saa tisa alasiri, na asubuhi hiyo ya mwisho wataishinda kwenye vidimbwi.