Ukuta mmoja, ushindi mara tatu

Jumamosi nimeamka nakuta kitabu kimesukumwa ndani kupitia kitundu cha barua. Karatasi ya kuteleza, picha ya bibi wa Kizungu na paka wake, na ndani kaunsili yetu, yaani halmashauri ya mji huku England inayotupangisha nyumba, inatueleza vile ilivyojipima mwaka huu kama mwenye nyumba. Viduara vya kijani kila ukurasa, vya kusema wamefaulu. Nimekisoma chote nimesimama mpaka chai ikapoa, halafu nikaenda chumbani kwa mtoto kuangalia kama ule ukungu wa ukutani pembeni ya dirisha nao umepata habari.

Haujapata.

Mimi nimekulia nyumba za kanjo, baraza la mji, kule Tudor, Mombasa, paa likivuja tunaweka sufuria maisha yanaendelea. Lakini haki yao niwape, kanjo hawajawahi kutuletea kitabu cha kutuambia tumeridhika.

Basi tangu Aprili 2023 wenye nyumba wa aina hii huku England wana vipimo 22, 12 wanatuuliza sisi wapangaji na 10 wanavitoa kwenye mafaili yao wenyewe. Sina ugomvi na vipimo vyote, nina ugomvi na kimoja, kile cha matengenezo, ni kazi ngapi zimemalizwa "ndani ya muda uliopangwa". Umepangwa na nani? Na wao wenyewe! Unachora goli, unapiga mpira, na filimbi unayo mdomoni.

Na hilo neno "kumalizwa" sasa, wacha niwaeleze. Fundi wa kwanza alikuja Novemba, kijana mpole tu, akapuliza dawa, akapangusa, akabonyeza simu yake, kazi imefungwa. Februari ukungu umerudi mweusi kuliko mwanzo, nikapiga simu, dakika arobaini nasikiliza muziki wao, nikapewa namba mpya. Namba mpya jamani, sio ileile ya zamani kufunguliwa tena, kama vile ukuta huu hawajawahi kuuona. Akaja wa pili akapaka rangi nyeupe juu yake, sawa na kumvisha mgonjwa kanzu ya Idi ukasema amepona. Imefungwa. Wa tatu hakugusa kitu, alisimama mlangoni akatazama sufuria jikoni, akaniambia eti napika sana na naanika nguo ndani, nifungue madirisha. Kwenye baridi hii! Mtoto anakohoa usiku kucha na mimi nifungue madirisha. Kwa hiyo pilau yangu ya Ijumaa ndiyo imepasua mfereji wa paa, maana mfereji umepasuka mwaka wa tatu huu, ukitoka nje unaona mstari wa kijani umeshuka ukutani kuanzia juu kabisa mpaka dirishani kwangu. Hicho ndicho kijani cha kweli, wangekipiga picha wakaweka kwenye kitabu.

Ila kwenye mafaili yao mambo ni mazuri kabisa, kazi tatu zimefunguliwa, tatu zimefungwa, zote kwa wakati. Mimi peke yangu nimewapandishia alama. Siku ya kwanza tu angekuja mtu na ngazi akaziba mfereji, wangepata alama moja na mimi wasingenisikia tena, sasa niambie ukuta mkavu una faida gani kwao?

Haya, nikubali kidogo. Tangu Aprili 2024 mdhibiti wa nyumba hizi anaingia kukagua mwenyewe na anatoa daraja, C1 nzuri kabisa mpaka C4 mbaya kabisa, na Oktoba ya mwaka huohuo kaunsili ya Newham, London, wakapewa C4, wa kwanza kabisa, kazi za usalama wa moto zimechelewa kwa maelfu. Miaka saba baada ya moto wa jengo la Grenfell, hapohapo London, watu 72 wamekufa! Kwa hiyo ukaguzi una kazi yake, sawa. Lakini ilibidi aje mtu wa nje.

Na asiniambie mtu ukungu ni ukungu tu. Awaab Ishak alikuwa na miaka miwili, huko Rochdale, wazazi wake Wasudani, wageni kama sisi. Baba yake alianza kulalamikia ukungu 2017, akaambiwa apake rangi. Mtoto akafa Desemba 2020. Mwenye nyumba yule lilikuwa shirika la nyumba, si kaunsili, lakini rangi ni ileile. Sheria yenye jina lake imeanza Oktoba 2025, hatari ya dharura washughulikie ndani ya saa 24, unyevu na ukungu wa kutishia afya siku 10 za kazi wawe wameuchunguza. Wameuchunguza. Hata yule bwana wa sufuria ukimuuliza atakwambia alichunguza.

Halafu wakapiga simu ya dodoso, dada mmoja ana sauti tamu, akaniuliza kama kuna matengenezo yamefanyika kwangu miezi 12 iliyopita. Nikamwambia dada yangu wamekuja mara tatu na hawajatengeneza. Kimya kidogo. "Basi hapo naweka ndiyo."

Mama wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, yeye kitabu chake amefungia samaki. Changu nimekichomeka nyuma ya kabati la mtoto, kwenye pembe ileile, picha ya bibi na paka imeelekea ukutani. Leo siku ya nne, paka ameshaanza madoa.