Mtaala wa taifa au wa kimataifa? Anza na cheti cha mwisho

Wazazi wengi wanapotafuta shule huangalia kwanza majengo, kisha ada, kisha matokeo ya mwaka uliopita. Suala la mtaala huja mwishoni, na likishafika hujibiwa harakaharaka: wa kimataifa ni bora kwa kuwa ni wa kimataifa, au wa taifa unatosha kwa kuwa ndio tuliosoma sisi na tukafika tulipofika. Majibu yote mawili hayamgusi mtoto mwenyewe. Mimi naona tuanzie mwisho. Mtoto huyu akifikisha miaka 18 atakuwa na cheti gani mkononi, na cheti hicho kitapokelewa wapi bila kipingamizi?

Kabla ya kujibu, tuelewane tunazungumzia nini, maana mitaala inayoitwa ya kimataifa haifanani. Kuna ya Cambridge, yenye chimbuko katika mitihani iliyoanzishwa mwaka 1858 kwa ajili ya shule za Uingereza. IGCSE, mtihani wake wa vijana wa takriban miaka 16, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na baada yake huja A-Level, mtihani wa kumaliza sekondari kabla ya chuo kikuu. Kuna International Baccalaureate, maarufu kama IB, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Hiyo ililenga hasa watoto wa familia zinazohamahama kikazi, waliohitaji cheti kimoja kitakachotambuliwa na vyuo vya nchi mbalimbali. Ufaransa nayo ina mtandao wake wa shule za nje, unaosimamiwa tangu mwaka 1990 na wakala wa serikali uitwao AEFE, na zipo shule za Kimarekani zenye kozi za Advanced Placement, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari. Ukitazama vizuri, ukiondoa IB, mengi tunayoyaita ya kimataifa ni mitaala ya mataifa mengine iliyovuka mipaka. Hata mpaka wenyewe haujanyooka: Singapore, inayosifiwa duniani kwa elimu yake, kwa miongo mingi imeandaa mitihani yake ya taifa kwa kushirikiana na Cambridge.

Nguvu halisi ya upande wa kimataifa ni aina ya kazi anayopewa mwanafunzi. Chukua Diploma ya IB. Mwanafunzi husoma masomo sita, kwa kawaida matatu katika kiwango cha juu na matatu katika kiwango cha kawaida. Kila somo lina alama 7, na alama 3 za ziada hutokana na insha ndefu pamoja na somo la nadharia ya maarifa, hivyo kilele ni alama 45. Kufaulu huanzia alama 24, pamoja na masharti mengine.

Hiyo insha ndefu inastahili kutazamwa kwa karibu. Haizidi maneno 4,000, na swali mwanafunzi hulitunga mwenyewe. Tuseme anataka kujua kama kina cha kisima kinaathiri kiwango cha chumvi kwenye maji. Anachukua sampuli kutoka visima kadhaa, anapima, kisha anakuta vipimo vya wiki ya pili havilingani na vya wiki ya kwanza. Hawezi kuvificha. Anatakiwa aeleze tofauti hiyo imetoka wapi: mvua iliyonyesha katikati, chombo kisichooshwa vizuri, au wazo lake la mwanzo lilikuwa na kasoro. Anataja kila chanzo alichotumia, na mwisho anakaa na msimamizi wake kwa mahojiano mafupi kuhusu alichojifunza. Kijana wa miaka 17 aliyepitia hatua hizo hababaiki chuoni anapoambiwa aandike ripoti ya utafiti. Hilo ni pato la kweli, na anayetetea mtaala wa taifa asilibeze.

Mitihani mingi ya taifa, kwa upande wake, bado ina maswali ya aina hii: taja sababu nne za mmomonyoko wa udongo. Mwenye kumbukumbu nzuri hupata alama zote hata kama hajawahi kuutazama mteremko uliolika. Kwenye karatasi ya jiografia ya IGCSE mara nyingi atapewa ramani, jedwali au picha, na atalazimika kusoma kilicho mbele yake kabla ya kujibu. Lakini tusiifanye tofauti hii kuwa kubwa kuliko ilivyo. Nchi nyingi zimekuwa zikibadilisha mitaala yao kuelekea umahiri, na kukariri kumehamia upande wa pili pia. Shule ya kimataifa inayowakalisha watoto miezi mitano mfululizo kutatua karatasi za miaka iliyopita inafanya kilekile inachodai kukikimbia.

Halafu kuna matokeo, ambayo ndiyo yanayowekwa kwenye mabango. Shule nyingi za kimataifa hupokea watoto wa familia zenye uwezo, zenye vitabu nyumbani na fedha za kulipia masomo ya ziada. OECD, jumuiya ya kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, inayopima vijana wa miaka 15 kupitia mtihani uitwao PISA, imeonyesha zaidi ya mara moja kwamba pengo kati ya shule binafsi na za umma hupungua sana, na katika nchi nyingi hutoweka kabisa, hali ya kiuchumi na kijamii ya familia inapozingatiwa. Kwa hiyo mzazi anayeona bango la alama za juu ajiulize ni kiasi gani cha alama hizo kingepatikana hata kama watoto walewale wangesoma mtaala mwingine. Mimi naamini ni kikubwa kuliko shule zinavyopenda kukiri.

Jambo linalonigusa zaidi ni lugha. Tangu mwaka 1953, UNESCO ilipotoa ripoti yake kuhusu lugha za kufundishia, wataalamu wamesisitiza kwamba mtoto huanza vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa kutoka nyumbani. Mtafiti wa Kanada Jim Cummins aliongeza hoja ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Alitenganisha lugha ya mazungumzo, ambayo mtoto aliyezungukwa na lugha ngeni huipata kwa takriban miaka miwili, na lugha ya kitaaluma, ambayo huchukua takriban miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Katikati ya vipindi hivyo viwili ndipo watoto wengi wanapopotea bila mtu kugundua. Mzazi anamsikia mwanawe akipiga soga kwa Kiingereza chepesi uwanjani, anafurahi, anaona ada imelipa. Darasani mtoto huyohuyo anasoma swali la sayansi mara tatu bila kuelewa anaulizwa nini. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hana umakini.

Mtaala wa taifa, hasa ule unaofundisha kwa lugha ya nchi miaka ya mwanzo, humwondolea mtoto mzigo huo. Humpa pia historia, sheria na jiografia ya mahali atakapopiga kura na pengine kufanya kazi. Kijana anayeeleza vizuri Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza lakini hawezi kuandika barua rasmi ya ukurasa mmoja kwa lugha ya wazazi wake amepungukiwa na kitu ambacho hakitajitokeza kwenye cheti chochote. Serikali nyingi zinaijua hatari hiyo. Umoja wa Falme za Kiarabu hudai Kiarabu kifundishwe hata katika shule binafsi zenye mitaala ya nje. Thailand inataka lugha na utamaduni wake vifundishwe katika shule za kimataifa. China ilikwenda mbali zaidi: tangu Septemba 2021 imepiga marufuku mitaala ya kigeni katika shule za ngazi ya elimu ya lazima.

Kwa haki ya upande wa kimataifa, niseme kwamba dawa ipo ndani yake, ila haiulizwi. IB humruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya kwanza hata pale ambapo shule haina mwalimu wa lugha hiyo, kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule. Wazazi wanaolijua hili ni wachache, na shule chache hulitaja zenyewe.

Turudi kwenye cheti. Mwenye cheti cha taifa anayetaka kusoma nje hajafungiwa, kama wengi wanavyoogopa. Vyuo vingi vya Uingereza, kwa mfano, humtaka asome kwanza mwaka mmoja wa maandalizi, hivyo shahada ya miaka mitatu inakuwa ya minne. Ni gharama, tena si ndogo. Lakini ilinganishe na ada ya shule ya kimataifa ya miaka 12, na hesabu inabadilika kabisa kwa familia ambayo mtoto wake huenda asisafiri hata kidogo.

Upande wa pili una mitego isiyotajwa siku ya kujiandikisha. Vyuo vya nyumbani hutaka cheti cha nje kilinganishwe na cha taifa, na ulinganishi huo una masharti: idadi ya masomo, somo la lugha ya taifa, mchanganyiko unaokubalika. A-Level kwa kawaida ni masomo matatu tu, kwa hiyo kijana aliyeacha kemia akiwa na miaka 16 amejifungia udaktari katika vyuo vingi. Hata IB haipiti kila mlango yenyewe. Ujerumani, kwa mfano, huweka masharti kuhusu masomo na viwango vyake kabla ya kuitambua Diploma hiyo.

Umbali wa chombo chenye mtihani nao una uzito wake. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, IB na Cambridge zote zilitoa alama bila mtihani, na malalamiko yakatoka nchi nyingi. Cambridge ilibadili msimamo Agosti ile na kukubali kwamba alama zisiwe chini ya makadirio yaliyotolewa na shule. Baraza la mitihani la taifa linaweza kukosea vilevile, lakini ofisi yake unaijua, na mbunge wako anaweza kulihoji.

Sasa msimamo wangu. Familia inayohama kila miaka mitatu haina sababu ya kusitasita: mtaala wa kimataifa ulitengenezwa kwa ajili yao. Familia iliyotulia mahali pamoja, mimi ningeishauri miaka ya msingi iwe ya mtaala wa taifa, kwenye shule yenye walimu wanaodumu, na lugha ya pili ifundishwe vizuri pembeni. Kuhamia mtaala wa kimataifa mwanzoni mwa sekondari kunawezekana kwa mtoto aliyejengwa vizuri. Kinachoumiza ni kuhama kinyume, kutoka wa kimataifa kwenda wa taifa mwaka mmoja au miwili kabla ya mtihani kwa sababu ada imeshindikana. Hapo mtoto anakuta mada ambazo wenzake walizimaliza zamani, lugha ya kufundishia nyingine, na namna ya kujibu maswali aliyozoeshwa kuiacha. Kwa hiyo kabla ya kulipa muhula wa kwanza, hesabu ada mpaka mwaka wa mwisho, ukijumlisha ya mtihani, ambayo mara nyingi hutozwa kwa kila somo na hukutwa imewekwa kando ya ada ya kawaida.

Ukishaamua, nenda shuleni na maswali matatu, na omba majibu kwa maandishi. Je, shule imesajiliwa na chombo chenye mtaala huo, maana neno «kimataifa» kwenye kibao mtu yeyote anaweza kulipaka rangi? Walimu wa hisabati na sayansi wamekaa hapo muda gani, ikizingatiwa kuwa mikataba ya miaka miwili ni ya kawaida katika shule hizi? Na wahitimu wao watatu wa mwisho waliobaki nchini waliingia chuo gani, kwa masomo yapi? Mkuu wa shule anayejibu la tatu bila kupekua mafaili anawajua wanafunzi wake.