Wakubwa Sita wa Progu, na Jitu Lililoachwa Nje

Wapenzi wa roki ya progresivu, roki yenye ufundi mwingi na mipangilio tata ambayo wenyewe tumezoea kuiita progu, hatukubaliani kwa mengi, lakini orodha ya wakubwa tunaikariri kama watoto wa chuoni wanavyokariri juzuu: King Crimson, Yes, Genesis, Emerson, Lake and Palmer, Pink Floyd, Jethro Tull. Sita. Ukitaka ugomvi, jaribu kumtoa mmoja au kumwingiza wa saba. Yuko anayesema Pink Floyd si progu hata kidogo, ni roki ya kawaida iliyovuta pumzi ndefu. Yuko anayekuja na Rush kutoka Kanada, mwingine na Van der Graaf Generator, na siku hizi wapo wanaotaka Waitalia wa PFM wapewe kiti. Ni ubishi wa Msondo na Sikinde: hakuna anayehama upande, na hakuna anayetaka uishe.

Mimi leo nina la kusema kuhusu bendi moja tu ya Uingereza, Gentle Giant. Jina lao ni kama kusema "jitu pole". Wapo wanaowaweka kwenye daraja la pili kwa heshima zote, wakiwaita bendi ya wanamuziki, yaani bendi ambayo wapigaji wanaisifu na wanunuzi wanaipita. Sifa ya namna hiyo huwa ni njia ya adabu ya kumfungia mtu mlango.

Lakini wanaowakataa nao wana uzito, tuwasikilize kwanza. Muziki wa kurekodiwa na kuuzwa, wanasema, ukubwa wake hauamuliwi na mafundi peke yao. King Crimson walifungua njia mwaka 1969 kwa albamu yao ya kwanza, na waliofuata wote wamepita humo. Albamu ya Pink Floyd ya 1973, The Dark Side of the Moon, ilikaa kwenye chati ya albamu 200 ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, jumla ya wiki 741 hadi kufikia mwaka 1988. Jethro Tull walitoa wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri, Thick as a Brick ya 1972, na Wamarekani wakaupeleka hadi namba moja. Gentle Giant je? Albamu iliyowafikisha mbali zaidi Marekani, Free Hand ya 1975, iliishia namba 48. In a Glass House ya 1973, kampuni yao ya kule ilikataa hata kuitoa, aliyeitaka akalazimika kununua nakala iliyoingizwa kutoka ng'ambo. Hawana wimbo hata mmoja ambao mtu asiye shabiki anaweza kuupiga mluzi.

Na wenyewe walishajitabiria. Kwenye jalada la albamu yao ya pili, Acquiring the Taste ya 1971, waliandika kwamba lengo lao ni kupanua mipaka ya muziki pendwa wa kisasa, kwa hatari ya kutopendwa kabisa. Mtu akikuandikia hivyo halafu asipendwe, utamlaumu nani?

Hoja hiyo inasahau jambo moja. Ndugu watatu wa Shulman waliounda bendi hii, Phil, Derek na Ray, walikuwa wameshaonja kupendwa. Kabla ya 1970 waliitwa Simon Dupree and the Big Sound, bendi ya pop yenye suti na mashabiki wa kupiga kelele, na mwaka 1967 wimbo wao Kites uliingia kumi bora za Uingereza. Waliuchoka. Wakamchukua Kerry Minnear, aliyetoka kusomea utunzi katika Royal Academy of Music, wakamchukua Gary Green, mpiga gitaa aliyekulia kwenye bluzi, wakaanza upya. Hawa si watu waliojaribu kupanda mti wakashindwa. Walikuwa juu, wakashuka wenyewe.

Sasa shika namba moja, nitaizunguka kwa muda: 34. Ndizo dakika za albamu yao Octopus ya 1972. Ndani yake mna nyimbo nane, na jina lenyewe ni mchezo wa maneno, kazi nane katika pweza mmoja. Gawanya: wimbo mmoja unapata dakika nne na robo. Mwaka uliofuata Yes walitoa Tales from Topographic Oceans, santuri mbili, nyimbo nne, dakika zaidi ya 80. Kila wimbo unajaza upande mzima wa santuri. Mpiga vinanda wao Rick Wakeman mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba katika onyesho moja la albamu hiyo alikula mchuzi wa bizari jukwaani, kwa kukosa la kufanya. Mwaka 1974 akaondoka kwenye bendi.

Kwa nini naing'ang'ania namba hii? Kwa sababu shutuma kubwa dhidi ya progu, tangu vijana wa panki, roki fupi na ya makelele, walipoinuka 1976 na 1977 hadi leo, ni moja: imevimba. Wanaume wenye nywele ndefu wasiojua kunyamaza. Shutuma hiyo imeganda kama masizi kwenye sufuria, na sisi wapenzi tumesaidia kuigandisha, maana wakubwa wetu tumewachagua kwa kipimo kilekile cha uvimbe. Tunauliza: ana wimbo wa upande mzima? Genesis wanao Supper's Ready, dakika 23, karibu upande mzima. Yes wanao Close to the Edge, dakika 18 na ushee. Emerson, Lake and Palmer, au ELP, wanao Tarkus. Gentle Giant hawana, basi wakae nje. Ikatokea kwamba bendi iliyoweza kutia kila ujanja wa progu (mizani inayobadilika katikati ya sentensi, ala za kanisani na za baa katika pumzi moja, sauti zinazokatizana) ndani ya dakika nne, tumeiacha kwa kosa la kutovimba. Adui alikuwa anatafuta fimbo, tukamkabidhi, na shahidi ambaye angetutetea tukamfungia nje.

Sisemi urefu ni dhambi. Close to the Edge sitoi hata sekunde. Ninachosema ni kwamba urefu ni njia mojawapo ya kuwa na makuu ya kusema, na iko nyingine, ngumu zaidi pengine, ya kukaza.

Chukua On Reflection, kutoka Free Hand. Vaa hedifoni, zima kila kitu. Inaanza bila ala yoyote. Sauti ya kwanza inatangulia na mstari wake. Kabla haijatua, ya pili inaingia na mstari uleule, wakati ya kwanza imeshahamia maneno mengine. Ya tatu inadaka. Ya nne. Mafundi wa Ulaya, Bach akiwa baba lao, huuita mtindo huu fuga, na hauna uhusiano na kuku. Mara ya kwanza unasikia vurugu, watu wanne wanaokatizana barazani. Mara ya tatu unaanza kusikia kwamba hakuna anayemkatiza mwenzake hata mara moja. Kila neno limepimiwa nafasi yake kama mbao za mashua. Na wimbo unahusu nini? Penzi lililokwisha, mtu anapiga hesabu baadaye, nilikutumia, ulinitumia, basi. Nani aliwahi kupiga hesabu ya namna hiyo kichwani kwa sauti moja? Fikra zinakuja hivyohivyo, moja haijaisha nyingine imeingia. Halafu katikati mambo yote yanashuka, Minnear anaimba polepole kwa ile sauti yake nyembamba, na unatambua kwamba hesabu zile zote zilikuwa za kuzuia kilio. Anayesema bendi hii haina moyo, nadhani alizima wimbo kabla ya hapo. Huo nao hauzidi dakika sita.

Wala haukuwa ujanja wa studio. Jukwaani walikuwa wanaupanga upya, wanaanza na violini, selo na filimbi za mbao, kisha wanaweka ala chini na kuimba ile fuga, watu wanne mbele ya vipaza sauti, mbele ya umati uliokuja kusikia gitaa la umeme. Umati haukuwa na subira kila mara. Mwaka 1972 walitangulizwa kabla ya Black Sabbath, bendi ya roki nzito, kwenye ukumbi wa wazi wa Hollywood Bowl, Los Angeles. Wakiwa kwenye wimbo wa taratibu, mtu akawarushia fataki. Phil Shulman, mwalimu wa zamani, alikwenda kwenye kipaza sauti akawatukana watazamaji tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Mwisho wa mwaka huo akawa ameacha bendi, ingawa si kwa sababu ya fataki. Alikuwa na familia, na maisha ya barabarani yalikuwa yamemchosha.

Hoja iliyobaki ya upande wa pili ni ya athari: mkubwa ni yule aliyeacha watoto, na Gentle Giant walivunjika 1980 bila mrithi. Hapa ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Derek Shulman alipoacha kuimba aliingia kwenye kampuni za rekodi. Yeye ndiye aliyewasajili Bon Jovi, jambo ambalo wapinzani wangu hulipenda sana: tazama, hata mwenye fuga alijua biashara iko wapi. Haya. Lakini baadaye, akiwa mkuu wa kampuni ya rekodi ya Atco, aliwasajili pia Dream Theater, bendi iliyotoa Images and Words mwaka 1992 na kuirudisha progu kwa kizazi ambacho hakikuwahi kuona santuri ya Yes dukani. Mlango wa pili wa muziki huu ulifunguliwa na mkono wa Jitu.

Kisha kuna jambo la 2023. Julai mwaka huo rapa wa Marekani Travis Scott alitoa albamu yake Utopia, ikaingia chati ya kwao moja kwa moja namba moja. Wimbo wa kwanza kabisa unaokupokea, Hyaena, unafunguliwa na sauti za Gentle Giant, kipande kilichokatwa kutoka Proclamation ya mwaka 1974. Katika wimbo huo wa asili mtawala anawahutubia raia zake: huenda hamna yote mnayoyataka, ila mlichonacho kimetoka mkononi mwangu. (Hotuba hiyo hakuna msomaji wangu atakayehitaji kutafsiriwa.) Vijana wasiojua hata jina la bendi wanakijua kile kipande kwa moyo. Ray Shulman hakuwahi kusikia hayo; alifariki Machi, miezi minne kabla. Mara ngapi umesikia rapa wa leo akifungua albamu yake na Jethro Tull? Nauliza tu.

Makosa wanayo, na si madogo. Panki ilipovuma waliogopa. Giant for a Day! ya 1978 ni jaribio la kuandika nyimbo nyepesi lililofanywa na watu wasiojua wepesi unatoka wapi. Kinachokumbukwa zaidi ni jalada lake, uso wa Jitu wa kukata kwa mkasi na kuuvaa. Maneno yao nayo mara nyingine ni makavu, kama ya mtu aliyesoma kitabu cha falsafa jana usiku. Na ngoma? John Weathers alikuwa na mkono mzito mzuri, lakini sitamweka mbele ya Bill Bruford aliyepigia Yes kisha King Crimson.

Ila wote sita wana Giant for a Day! yao, na wengine wanazo tatu. Kama viti ni sita na haviongezwi, mimi, kwa kuwaomba radhi wanaomwabudu mpiga vinanda wao Keith Emerson, ningeomba kile cha ELP. Tarkus ni kazi kubwa, sibishi. Lakini Aprili 1974, kwenye tamasha la California Jam, walimfunga Emerson kwenye piano, wakaiinua hewani na kuizungusha pamoja naye, mamia ya maelfu ya watu wakitazama, na mwaka 1977 wakaenda ziarani na okestra nzima hadi gharama zikawalazimisha kuiacha njiani. Kama kuna bendi iliyowapa panki kila silaha waliyohitaji, ni hiyo.

Anayetaka kunibishia anakaribishwa. Ombi langu ni moja, kabla hajaandika aisikilize Octopus mara mbili mfululizo. Itamchukua dakika 68, na angekuwa ameweka Tales from Topographic Oceans, muda huo ungemkuta bado yuko upande wa nne.