Hiyo omu 8 iliyoandikwa nyuma ya wufa (spika ya besi) sio ya kupigia hesabu ya krosova

Jana nimeletewa spika za kujitengenezea, twita zote mbili (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zimekufa, nafungua boksi nakuta krosova, yaani saketi ya kugawa sauti kati ya wufa na twita, ya kapasita mikrofaradi 6.6 na koili ya milihenri 0.42. Yaani mgawanyo kwenye hezi 3000 kwa spika ya omu 8, fomula imefuatwa mpaka desimali. Na lehemu safi kabisa, mtu kakesha pale. Imeniuma sana, maana hakukosea hesabu hata kidogo, amekosea kuiamini ile 8.

Jamani, spika sio rezista! Nimeipima wufa yake palepale mezani. Multimita inasema omu 5.8 ikiwa imetulia. Kisha nikaiunganisha mfuatano na rezista ya omu 10, nikapitisha mlio wa hezi 3000 kutoka kwenye amplifaya, nikasoma volti 1.4 kwenye spika na volti 1 kwenye rezista. 10 mara 1.4, hiyo ni omu 14. Sasa koili uliyoihesabu kwa 8 inakutana na 14, na huko juu zaidi inazidi kupanda kwa sababu wufa yenyewe ina koili ndani, basi wufa haikatwi pale ulipotaka, inaendelea kupiga kelele kwenye eneo la twita na sauti za waimbaji zinakuwa kali zinachosha masikio.

Dawa yake ni ndogo mno, rezista ya kama omu 7 mfuatano na kapasita ya mikrofaradi 13 hivi, unaziweka sambamba na wufa, omu zinatulia na koili inapata kazi yake. Lakini namba hizo ni za wufa hiyo, usizinakili, pima ya kwako.

Twita nazo ziliungua kwa kapasita moja tu. Oktavu moja chini, yaani nusu ya 3000, kwenye hezi 1500, bado zinapokea karibu nusu ya volti, na mlio wao wa asili, ule zinaotikisika nao zaidi, uko jirani na hapo. Ukiongeza koili sambamba na twita sauti za chini zinakatwa kwa desibeli 12 kwa kila oktavu, zinapumua.

Sawa, nakubali, fomula inafaa kuanzia, na wapo waliobahatika na wufa mpole. Kuhusu kama kapasita za bei mbaya zina sauti nzuri zaidi sitabishana, pimeni spika zenu kwanza. Koili ziwekwe mbali na nyenzake zisiingiliane, moja imelala nyingine imesimama.

Hizi spika tumezirudia na twita mpya, nikamwambia mwenyewe ageuze waya za twita moja kisha tupige mlio wa 3000. Sauti ikazama, ikabaki kama inatoka chumba cha pili. Akazirudisha waya, ikajaa. Akageuza tena, akarudisha tena, hakutaka kuacha, na mimi sikumkataza kwa sababu sauti ikizama hivyo waya zikigeuzwa, ujue zikiwa sawa wufa na twita zinafika sikioni pamoja na kwa nguvu sawa.