Pikapu ya Dizeli ya Kuvuta Trela: Hela Iende Kwenye Ekseli au Kwenye Viti vya Ngozi?

Haya mabishano hayaishi kwa Wabongo, Wakenya na Wakongo walioko Marekani wanaotaka kuingia hotishoti, ile biashara ya kubeba magari, matrekta na mabomba kwa pikapu kubwa yenye trela refu badala ya kununua semi (lori kubwa la trela). Mtu ameshakusanya kianzio chake, anataka kuoda pikapu mpya ya dizeli, na hapo hapo watu wanagawanyika. Wengi wanamwambia chukua F-250 ya Ford au Ram 2500, jaza viti vya ngozi, paa la kioo, skrini kubwa, injini si ni ile ile bwana na humo ndani ndo utaishi. Wachache wanamwambia chukua kaka zao wanaobeba zaidi, F-350 au Ram 3500, ikiwezekana dabo kabisa (tairi mbili mbili nyuma), ya kawaida, viti vya plastiki, hela yote iende chini ya gari. Hawa wachache wanachukuliwa kama washamba, au watu waliokosa hela wakatafuta sababu ya kujifariji. Mimi naona hawajasikilizwa vizuri.

Tuwape kwanza wengi haki yao maana hoja wanazo. Kwa upande wa Ford, ile dizeli ya lita 6.7 ya Power Stroke inatoa nguvu farasi 475 na torki (nguvu ya kuzungusha, ile inayoondoa mzigo) 1,050, ukiongeza hela unapata ile kali zaidi ya farasi 500 na torki 1,200, na zote mbili unaweza kuziweka kwenye F-250 kama unavyoziweka kwenye F-350. Gia kumi zile zile. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii F-250 inavuta kama kaka yake" hadanganyi, inavuta. Halafu starehe nayo usiidharau, mtu anayetoka Houston kwenda Columbus, Ohio na kurudi, kiti kinachopuliza ubaridi mgongoni kinamsaidia kufika akiwa na akili zake. Na dabo ina kero zake: parking za mjini ni vita, car wash nyingi haiingii, drive-thru unapita umeshika roho mkononi, tairi ni sita za kubadilisha badala ya nne, na ikiwa tupu kwenye theluji nyuma inateleza teleza. Mama watoto akitaka kwenda nayo sokoni utasikia maneno.

Sasa tuje kwenye namba. Hawa wengi namba wanayoitaja siku zote ni ile ya kuvuta, ile kubwa kwenye matangazo, pauni elfu ishirini na ngapi sijui. Hiyo namba siyo ya uongo, kuna utaratibu wa SAE (chama cha wahandisi wa magari) unaitwa J2807 ambao makampuni makubwa wanaufuata, na sehemu ya mtihani ni kupandisha trela mlima wa Davis Dam kule Arizona, barabara ya 68, kwenye joto kali AC ikiwa imewashwa hadi mwisho, na gari halitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa, au 35 kama ni dabo. Mtihani wa maana kabisa. Ila angalia unapima nini: injini, kupoza, gia, breki, kuondoka kutoka kusimama. Ndani ya gari wanahesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja pauni 150. Jamani, nani kati yetu baada ya miaka mitano ya Marekani ana pauni 150?

Namba ya kukufunga wewe iko sehemu nyingine. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, kuna stika nyeupe yenye mstari wa njano inahusu tairi na mzigo, na imeandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani, kilo na pauni zote zipo. Hiyo namba ni ya gari hilo hilo moja, na vitu vyake vyote lilivyotoka navyo kiwandani. Muuzaji hakuonyeshi kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Kwenye F-250 ya dizeli, milango minne, 4x4, yenye mapambo ya Lariat, nyingi ukisoma utakuta ni kama pauni 2,300 hivi, nyingine zaidi kidogo, nyingine pungufu. Ram 2500 ya dizeli iliyopambwa sana inashuka chini ya 2,000. Watu hawaamini. Dude kubwa namna ile, refu kuliko matatu, linabeba tani moja tu na kidogo? Ndiyo, na hesabu yake ni rahisi: gari hizi kwa miaka mingi zimeandikishwa kwa uzito wa jumla usiozidi pauni 10,000, yaani gari, mafuta, watu, mzigo, kila kitu. Gari lenyewe na dizeli yake lina 7,700. Toa. Inabaki 2,300. Na ile injini ya dizeli peke yake imeshakula pauni kama 500 hadi 700 zaidi ya ambavyo injini ya petroli ingekula, 4x4 nayo imekula zake, halafu paa la kioo, ngazi za umeme zinazojikunja, viti vyenye mota kila kona, spika, vyote hivyo vinatoka kwenye hilo hilo fungu. Kila pauni ya starehe inatolewa kwenye mzigo, hakuna pengine pa kuitoa.

Sasa funga trela. Trela la gusneki, lile linalokaa kwenye mpira wa chuma katikati ya bodi (pale nyuma pa kubebea mzigo) juu ya ekseli ya nyuma, linalaza mgongoni mwa pikapu kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Chukua 20 tu. Trela na mzigo wake likiwa pauni 14,000, mgongoni inakuja 2,800. Hapo hujakaa wewe kwenye usukani, hujaweka minyororo na mabinda ya kuikazia, jeki, tairi la ziada la trela, kuleri ya maji, na hilo begi la wiki mbili. Stika ilisema 2,300. Umeshazidisha kabla hujafungua mlango, wakati injini bado inacheka, maana kwake 14,000 ni mchezo. Hapo ndo pana mtego: injini haikwambii kwamba umezidisha. Unapanda mlima vizuri tu, unapita watu, na nyuma springi zimelala, taa za mbele zinaangalia juu ya miti, usukani umekuwa mwepesi kama baiskeli, na tairi za nyuma zinachemka.

Anayebisha aende mizani. Kwenye vituo vingi vya malori kuna mizani ya CAT Scale, unapanda, ekseli ya mbele kwenye bamba lake, ya nyuma kwenye lake, trela kwenye lake, wanakupa karatasi yenye uzito wa kila sehemu na jumla. Bei yake haifiki hata ya kujaza nusu tenki. Karatasi hiyo haibishani na mtu.

Ukichukua F-350 ya singo (tairi moja moja nyuma) yenye injini hiyo hiyo, namba inaruka hadi 3,500 na kuendelea. Ukichukua dabo, unaongelea 5,000 na kitu, kwa sababu uzito wa jumla sasa ni 14,000. Na tofauti ya bei kati ya F-250 na F-350 singo ni ndogo mno ukiilinganisha na kutoka XL (ile ya kawaida kabisa) kwenda Lariat, achilia mbali mapambo ya juu zaidi ya King Ranch au Platinum. Kwa hiyo mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa ngozi na skrini, halafu akakataa kuongeza kidogo apate ekseli na springi za kubeba, mimi huwa simwelewi anafanya biashara gani.

Hapo sasa wengi wanatoa karata yao nzuri, na ni nzuri kweli. CDL, yaani leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara. Sheria inasema pikapu na trela vikiandikishwa kwa jumla ya pauni 26,001 au zaidi, na trela likiwa limezidi 10,000, unatakiwa leseni ya CDL daraja A. Kwa hiyo wanapiga hesabu: pikapu ya 10,000 ongeza trela la 16,000, jumla 26,000 kamili, huna haja ya CDL. Ukichukua dabo ya 14,000, trela lako linabaki la 12,000 tu. Trela tupu la futi arobaini linakula kama 7,000, basi mwenye F-250 anabaki na 9,000 za mzigo na mwenye dabo anabaki na 5,000. Gari moja zaidi kwenye trela, kila safari. Kwa mtu anayeanza, hana CDL, hana hela ya kwenda shule ya CDL, hiyo tofauti ni kodi ya nyumba. Siwezi kumcheka.

Ila rudisha hesabu kwenye stika. Trela la 16,000 la gusneki, asilimia 20, ni pauni 3,200 mgongoni mwa gari linaloruhusu 2,300. Kwenye makaratasi ya leseni uko sawa, kwenye chuma huko sawa. Kuna namna ya kupona, uvute trela la kufunga nyuma chini ya bampa, maana hilo linalaza asilimia 10 hadi 15 tu. Kwa 12 unapata 1,920, zinabaki 380 za kwako wewe na minyororo. Inawezekana, imebana, na trela zito la bampa kwenye upepo wa Wyoming linayumba hadi usome dua zote unazozijua. Na hao wanaosema "polisi wa mizani haangalii stika ya mlangoni, anaangalia uzito uliosajili na ekseli", mara nyingi ni kweli. Lakini siku ya ajali polisi wa mizani hayupo, yuko mwanasheria wa upande wa pili, na yeye stika anaijua. Air bag za kuongezea kwenye springi? Zinanyanyua mkia, gari linakaa vizuri, ila namba ya mlangoni haibadiliki hata kwa pauni moja.

Kitu cha kuchekesha, Ford wenyewe wamewahi kukuuzia F-350 iliyoandikishwa kwa 10,000 ukiomba hivyo kwenye oda. Chuma cha F-350, karatasi ya F-250. Kwa hiyo kambi zote mbili zinajua kwamba 10,000 siyo mahali chuma kinapokatika, ni mstari wa kiserikali. Hiyo inawapa wengi nguvu kidogo, nakubali. Ila namba ikishabandikwa ndo yako, huwezi kuvuta kwa karatasi ya 10,000 asubuhi na kwa chuma cha 11,000 jioni.

Haya, ukishaamua, kwenye oda tiki wapi? Maandalizi ya gusneki ya kiwandani, usibishane, mashimo yanakuja tayari bodini na plagi ya pini saba ipo ndani ya bodi, fundi wa mtaani asikutoboe gari jipya. Bodi ndefu ya futi nane, kwanza kona kali trela halikugongei kioo cha nyuma, pili kwa Ford ya dizeli tenki linakuwa galoni 48 badala ya 34, na hiyo ni kuchagua wewe pa kujaza badala ya kujaza popote palipo na bei yoyote (kumbuka galoni moja ni pauni saba, nayo iko kwenye hesabu). Kidhibiti cha breki za trela cha kiwandani, vioo virefu vya kuvuta, kamera ya kuangalia mpira wa bodini maana kufunga gusneki peke yako usiku bila kamera ni kushuka na kupanda kama unatwanga. Difu ya kufunga (tairi za nyuma zizunguke kwa pamoja) kama utaenda kwenye visima vya mafuta huko Midland na Odessa, Texas, au kwenye matope ya saiti za ujenzi. Kama kazi yako ni lami ya kusini tu, hata 4x4 ifikirie mara mbili.

Ekseli nayo, uwiano wa difu, yaani shafti inazunguka mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Wengi wanachukua ndogo, 3.42 kwa Ram au 3.31 kwa Ford singo, ili gari tupu linywe kidogo. Kama nusu ya maisha yako unakwenda tupu, sawa. Kama unavuta kila siku, kubwa zaidi kama 3.73 au 4.10 inaondoka na mzigo bila kuikoroga gia, na mafuta unayoyapoteza tupu siyo ya kutisha hivyo.

F-250 yenye ngozi ina mwenyewe, na simwambii aache: mtu anayevuta trela la magari mawili madogo mara moja moja, au boti, au kibanda cha kambi cha pauni 9,000, na siku nyingine zote anapeleka watoto shule. Akitaka kuuza baada ya miaka mitatu atapata mteja wikiendi hiyo hiyo, wakati dabo ya XL utasubiri mkulima au mtu wa hotishoti mwenzako. Yeyote, wa F-250 au wa dabo, kabla ya kusaini, apige picha stika ya mlango wa gari lile lile analolilipia, asikubali kuonyeshwa ya jirani yake hapo uwanjani, maana mbili za rangi moja na injini moja zinaweza kupishana mia mbili au tatu kwa vikorombwezo tu.